Deni Lisilo na Mdai: Bunge la Kigobe na Haki ya Wasiozaliwa

Ibara ya 35 ya Katiba ya Burundi inaitwika dola wajibu wa kusimamia vyema maliasili za nchi na kuzitumia kwa busara, huku ikiyalinda mazingira na kuzihifadhi maliasili hizo kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Wajibu huo uliwekwa katika Katiba ya 2005 na ukabaki katika ile ya 2018, lakini maana yake inasomwa kwa namna zinazopingana. Wako wanaodhani kwamba ibara hiyo inawahusu vijana, nao huona haina kazi kubwa kwa kuwa kijana aliyefikisha umri ana kura yake. Wako wanaoamini kwamba Dira ya taifa, inayotaka Burundi iwe nchi inayoinukia ifikapo 2040 na nchi iliyoendelea ifikapo 2060, imekwisha kuutimiza wajibu huo. Na wako wanaoichukua kama pambo la katiba, kwa hoja kwamba mtu ambaye hajazaliwa hawezi kuwa na haki, maana haki huhitaji mwenyewe.

Kila usomaji kati ya hiyo una chembe ya ukweli, lakini yote inalipita swali lenyewe, ambalo ni la kisheria na la kisiasa kwa pamoja: ni nani anayeweza leo kusimama katika ukumbi wa Kigobe, ambamo Bunge la Taifa, yaani Inama Nshingamateka, hufanya vikao vyake, au mbele ya mahakama, akadai kwa niaba ya mtu ambaye bado hayupo duniani? Maadamu swali hilo halina jibu, Ibara ya 35 ni deni linalokiriwa na mdaiwa ilhali mdai wake hajulikani, na deni la namna hiyo hulipwa pale tu mdaiwa anapopenda.

Wanaohesabiwa na wasiohesabiwa

Yafaa kwanza kutenganisha makundi matatu ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. La kwanza ni la vijana wenye kura, ambao wakikosa kusikilizwa tatizo lao ni la uwakilishi wa kawaida na dawa yake inajulikana. La pili ni la watoto, walio hai na wanaoathiriwa na kila sheria ingawa hawapigi kura. Nchini Burundi, ambako takriban nusu ya watu hawajafikisha umri wa kupiga kura, kundi hili ni kubwa kiasi kwamba uchaguzi wowote huamuliwa na nusu moja ya taifa kwa niaba ya nusu nyingine. La tatu ni la wale ambao hawajazaliwa. Hawana sauti wala idadi inayojulikana, na hata utambulisho wao bado haujapatikana, kwa sababu sera zenyewe za leo huchangia kuamua ni akina nani watakaozaliwa. Mwanafalsafa Derek Parfit alilifafanua fumbo hilo mwaka 1984: mtu wa kesho hawezi kulalamika kirahisi kwamba sera fulani ilimdhuru, ikiwa bila sera hiyo asingekuwepo kabisa.

Fumbo hilo ni zito darasani, lakini shambani uzito wake hupungua. Sensa ya 2008 ilihesabu Warundi wapatao milioni 8, na ile ya 2024 ikahesabu zaidi ya milioni 12, wote katika nchi yenye kilomita za mraba 27,834. Shamba la familia, linaloitwa itongo, ambalo kwa wastani ni kama nusu hekta, hugawanywa kwa mujibu wa mila kati ya watoto wa kiume kila kizazi kinapopisha kingine. Haijulikani ni mtoto yupi atakayerithi kipande kipi, lakini inajulikana kwamba yeyote atakayekuwepo atahitaji udongo ambao haujasombwa na mvua. Wajibu kwa vizazi vijavyo hauhitaji majina yao. Unahitaji kujua mambo ambayo binadamu yeyote atayahitaji.

Kuna pingamizi jingine, la kidemokrasia zaidi, ambalo Thomas Jefferson alilieleza katika barua ya mwaka 1789: dunia ni ya walio hai, na kizazi kimoja hakina mamlaka ya kukifunga kingine kwa sheria wala kwa madeni, hata akapiga hesabu kwamba sheria yoyote ingefaa kwisha nguvu baada ya miaka 19. Edmund Burke alishika upande wa pili, kwamba jamii ni ubia kati ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Burundi imewahi kujaribu njia iliyo kati ya hizo mbili, ingawa haikutajwa kwa lugha hiyo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, uliofungua mlango wa kuvimaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, ulizaa mgawanyo wa nafasi kwa misingi ya kikabila, nayo Katiba ya 2018 ikaudumisha lakini ikaipa Seneti muda wa miaka mitano kutathmini kama uendelee au ukome. Kizazi kilichotoka vitani kilikiwekea kinachofuata ulinzi, pamoja na nafasi ya kuuhoji ulinzi huo.

Kwa nini macho ya wabunge huishia karibu

Sababu inayotajwa mara nyingi ni muhula. Mbunge huchaguliwa kwa miaka mitano, na ukuta wa kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za mto Ntahangwa, unaoukata mji wa Bujumbura, hugharimu fedha za leo ili kuzuia nyumba isianguke baada ya miaka kumi. Anayenyimwa barabara ili ukuta ujengwe anajulikana na ana kura. Anayeokolewa na ukuta huo hajui kwamba aliokolewa. Usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mvua iliyoporomosha maji na matope kutoka milimani iliua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini mwa jiji. Milima ile haikuvuliwa miti siku moja. Lilikuwa limbikizo la maamuzi madogo ya miaka mingi, ambayo kila moja lilionekana halina madhara.

Sababu ya pili imejificha katika hesabu. Wachumi hutumia kiwango cha kupunguza thamani ya kesho, yaani asilimia ambayo kwayo faida au hasara ya baadaye hupunguzwa kila mwaka ili ilinganishwe na fedha za leo. Kwa kiwango cha asilimia 5, hasara ya faranga milioni 1 itakayotokea baada ya miaka 50 huhesabiwa leo kama faranga 87,000 hivi. Kwa kiwango cha asilimia 1.4, ambacho kinakaribia kile kilichotumika katika ripoti ya Nicholas Stern ya 2006 kuhusu tabianchi, hasara hiyohiyo huhesabiwa kama nusu milioni. Hivyo mtaalamu anayechagua asilimia katika jedwali la mradi huamua thamani ya mjukuu, na mara nyingi jedwali hilo halifiki Kigobe likiwa na maelezo yanayoeleweka kwa mbunge asiye mchumi.

Sababu ya tatu ni umaskini, nayo haifai kupitwa kwa haraka. Zaidi ya tisa ya kumi ya nishati inayotumika Burundi hutokana na kuni na makaa. Familia inayokata mti haiwadharau wajukuu. Inapika chakula cha jioni. Hotuba yoyote kuhusu vizazi vijavyo isiyosema familia hiyo itapikia nini ni kuwatwisha maskini wa leo mzigo wa matajiri wa kesho.

Ipo hoja kwamba udhaifu huu ni wa demokrasia tu, na kwamba utawala usio na ushindani ungeweza kutazama mbali. Uchaguzi wa Juni 5, 2025, ambamo chama tawala cha CNDD-FDD kilipata viti vyote 100 vilivyogombewa katika Bunge la Taifa, unalipa jambo hili uzito wa pekee. Kwa nadharia, chama kisichohofia kushindwa kina nafasi ya kupanga kwa miaka 40. Lakini mpango wa miaka 40 unahitaji mtu wa kuuliza kila mwaka umefikia wapi, na mtu huyo kwa kawaida hukaa upande wa pili wa ukumbi. Asipokuwepo, mwaka 2060 huwa mbali vya kutosha kiasi kwamba hakuna aliye madarakani leo atakayekuja kuulizwa.

Pendekezo la viti

Wanaotetea viti maalumu bungeni kwa ajili ya vizazi vijavyo wana hoja ambayo Kigobe inaielewa kuliko mabunge mengi. Katiba ya Burundi haikubali kwamba kuhesabu kura kunatosha: inataka asilimia 60 ya wabunge wawe Wahutu na asilimia 40 Watutsi, inataka wanawake wasipungue asilimia 30, na inawaingiza Batwa watatu katika kila chumba cha Bunge kwa njia ya uteuzi wa nyongeza, kwa sababu jamii hiyo ndogo na iliyodharauliwa kwa muda mrefu isingefika huko kwa kura peke yake. Ikiwa wachache wasioweza kushinda wamepewa kiti, kwa nini wasioweza kabisa kupiga kura wanyimwe?

Mfanano huo unavutia, lakini unavunjika mahali muhimu. Mbunge wa Batwa anaweza kurudi kwa watu wake akaulizwa alichofanya, nao wanaweza kusema hadharani kwamba hawawakilishi. Mwakilishi wa wasiozaliwa hawezi kukanushwa na yeyote, kwa hiyo anaweza kusema lolote kwa jina lao, na aliyemteua ndiye atakayekuwa bwana wake halisi. Pendekezo lililo jirani, la kuwapa wazazi kura za ziada kwa ajili ya watoto wao, lilifikiriwa nchini Hungary mwaka 2011 bila kupitishwa. Linawagusa watoto walio hai pekee, na katika nchi ambamo mume mara nyingi ndiye msemaji wa nyumba, lingeongeza uzito wa kura ya mwanamume kabla ya kumfaa mtoto.

Mlinzi asiye na kiti

Njia ya pili ni kuunda ofisi ya mlinzi, yaani afisa wa umma ambaye hapigi kura bungeni bali ana mamlaka ya kuuliza, kuchelewesha na kutangaza. Bunge la Israel liliunda tume kama hiyo mwaka 2001, ikapewa ruhusa ya kuomba muda wa kutoa maoni juu ya miswada. Muhula wake wa kwanza ulipokwisha mwaka 2006 hakuteuliwa mwingine, kwa kuwa wabunge walilalamikia gharama zake na kuingiliwa katika kazi yao. Hungary iliunda kamishna wa vizazi vijavyo mwaka 2008, kisha ikamshusha kuwa naibu chini ya ofisi nyingine baada ya katiba yake mpya kuanza kutumika mwaka 2012. Wales ilipitisha sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo mwaka 2015, inayozitaka taasisi za umma zizingatie athari za muda mrefu, na kamishna wake yupo hadi sasa, ingawa silaha yake kubwa ni ushauri na aibu ya hadharani.

Mifano hiyo mitatu inaonyesha ugumu wa chombo hiki: mlinzi mwenye meno huondolewa na wale anaowauma, na mlinzi asiye na meno huachwa aishi. Burundi haihitaji kuanzisha ofisi mpya, kwani tayari ina Ombudsman, yaani msuluhishi huru anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya utawala, ambaye huchaguliwa na Bunge na ambaye muhula wake wa miaka sita hauendi sambamba na wa wabunge. Kumwongezea kazi ya kuandika maoni juu ya kila mswada wa ardhi, maji, madini na mikopo kungegharimu kidogo. Maoni hayo hayangeuzuia mswada, lakini yangebaki katika kumbukumbu za Bunge, na atakayekuja baadaye angeweza kuthibitisha kwamba onyo lilitolewa.

Mahakama na neno "mwenye maslahi"

Njia ya tatu ndiyo yenye historia tajiri zaidi. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Ufilipino ilikubali kwamba kundi la watoto lingeweza kushtaki kwa niaba yao na ya vizazi vitakavyofuata ili kupinga ukataji wa misitu. Hukumu hiyo, ambayo husifiwa duniani kote, haikufuta yenyewe kibali hata kimoja. Ilifungua mlango tu. Machi 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilipita njia ya tahadhari zaidi: haikuwapa wasiozaliwa hadhi ya walalamikaji, bali ilisema kwamba sheria ya tabianchi iliyosukuma sehemu kubwa ya mzigo hadi baada ya 2030 ingekula uhuru wa vijana waliokuwa tayari hai. Kwa kutazama maisha yote ya kijana mmoja, mahakama ilipata miaka 50 au 60 ya mbele bila kuingia katika fumbo la Parfit.

Katika Afrika Mashariki, Kenya ndiyo iliyoandika kwa uwazi zaidi. Ibara ya 42 ya Katiba yake ya 2010 inatoa haki ya mazingira safi kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo, na Ibara ya 70 inaongeza kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hahitaji kuthibitisha kuwa mtu yeyote amekwisha kupata hasara. Kanuni hiyo ndiyo ufunguo, kwa sababu madhara ya kesho kwa asili yake hayana mhasiriwa wa leo. Juni 26, 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira nchini humo lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, likitaja upungufu katika kuwashirikisha wananchi na katika tathmini ya athari zake.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, nayo iliizuia Tanzania, Juni 20, 2014, kujenga barabara ya lami kupita ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Lakini katika shauri la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, mahakama hiyo iliyatupa madai Novemba 29, 2023 kwa sababu yalichelewa kufikishwa, kwani Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamikaji miezi miwili tu. Hapo pana kasoro inayostahili hasira ya kila raia wa Jumuiya: mradi unaokusudiwa kudumu kwa miongo na kuacha athari kwa muda mrefu zaidi unalindwa na mlango unaofungwa ndani ya siku 60 hivi.

Burundi yenyewe inamruhusu mtu yeyote "mwenye maslahi" kuifikishia Mahakama ya Katiba hoja kwamba sheria fulani inakiuka Katiba. Maneno hayo mawili ndiyo yanayoipa Ibara ya 35 uhai au kuinyima. Yakifasiriwa kwa ufinyu, mwenye maslahi ni yule tu aliyepoteza nyumba au shamba, naye huja wakati madhara yamekwisha kutokea. Yakifasiriwa kwa upana, mkazi wa Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, anaweza kuja kabla ya msitu kukatwa. Udhaifu wa njia hii ni wa wazi pia: mahakama hutamka kuhusu kesi moja moja, haina bajeti, na majaji wasio huru watayasoma maneno yale yale jinsi wenye nguvu wanavyotaka yasomwe.

Kuufunga mkoba

Kuhusu fedha, mjadala ni mfupi kwa kuwa uzoefu umesema mengi. Norway iliunda mfuko wa mapato ya mafuta kwa sheria ya 1990 na leo inajiongoza kwa kanuni ya kutumia takriban asilimia 3 ya thamani yake kwa mwaka. Chad, chini ya sheria ya 1999 iliyosukumwa na Benki ya Dunia, ilitenga asilimia 10 ya mapato fulani ya mafuta kwa ajili ya vizazi vijavyo, kisha ikaufuta mfuko huo mwanzoni mwa 2006 serikali ilipokabiliwa na waasi na upungufu wa fedha. Tofauti ya nchi hizo mbili haikuwa katika ubora wa sheria. Norway ilikuwa imekwisha kushibisha, kusomesha na kutibu kizazi kilichokuwepo.

Kenya iliandika katika Ibara ya 201 kwamba mizigo na manufaa ya mikopo ya umma yagawanywe kwa haki kati ya vizazi vya sasa na vijavyo, na bado deni lake lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka 2023. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, nao ukaondolewa, baada ya wengi kuuawa. Ibara ile haikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuisimamia kabla ya mkopo kusainiwa, basi ikasimamiwa na umma baada ya ankara kufika.

Kigobe ina somo lake juu ya vizuizi vya aina hii. Machi 21, 2014, marekebisho ya Katiba yalikwama katika ukumbi huo kwa upungufu wa kura moja, 84 badala ya 85 zilizohitajika. Miaka minne baadaye Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni ya Mei 17, 2018, na pamoja na mengine ikaondoa sharti la theluthi mbili kwa sheria za kawaida. Kizuizi cha idadi ya kura huwapa watu muda wa kufikiri, na muda huo una thamani kubwa, ila hakiwezi kushinda nia inayodumu.

Bei inayolipwa na walio hai

Mfano ulio karibu zaidi na Kigobe uko chini ya mlima, ziwani. Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilitia saini mkataba wa usimamizi wake mwaka 2003, na makao ya Mamlaka ya Ziwa hilo yako Bujumbura. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili ndagala na mukeke, ambao Kigoma huwaita dagaa na migebuka, wapate kuzaliana. Hapa faida ya baadaye haikuwa ya karne ijayo, kwani mvuvi yuleyule angeiona msimu unaofuata. Hata hivyo kwa miezi mitatu mvuvi wa Rumonge, mwanamke anayeanika samaki na kijana anayebeba makasha walibaki bila pato la kawaida. Ikiwa kafara ya miezi mitatu ni nzito hivyo, kafara ya miaka 30 haitakubalika bila fidia, na serikali inayofunga ziwa au msitu bila kutenga fedha za walioathirika hufundisha umma kuvichukia vizazi vijavyo.

Majaribio ya Japani yanaonyesha kwamba umma hauna ubinafsi wa kuzaliwa nao. Katika mji mdogo wa Yahaba, kuanzia 2015, wakazi waliombwa kujadili mipango ya mji wakijiona kuwa ni watu wa mwaka 2060, na waliofanya hivyo walikuwa tayari zaidi kubeba gharama za kukarabati miundombinu. Mwaka huo ndio uleule wa Dira ya Burundi. Mabaraza ya aina hiyo yangeweza kufanyika vilimani kwa desturi ambayo Warundi wanaijua, ya bashingantahe, wazee wanaosikiliza pande zote kabla ya kutamka, mradi wanawake na vijana wasiachwe nje ya duara.

Kipi kitangulie

Kwa kupima yote hayo, viti maalumu ndivyo vyenye faida ndogo kuliko gharama yake, kwa kuwa huzaa mwakilishi asiye na wa kumuuliza. Mfuko wa mapato unafaa kuundwa mapema, kabla akiba ya nikeli iliyoko Musongati nchini Burundi haijaanza kuleta fedha za kugombaniwa, lakini hautadumu nchi ikiwa na njaa. Ofisi ya mlinzi ni nafuu, na kuikabidhi kwa Ombudsman kunaepusha urasimu mpya. Hata hivyo hatua ya kwanza ni ndogo zaidi ya hizo zote na inahitaji sheria fupi: kutamka kwamba katika mambo yanayohusu Ibara ya 35 kila mkazi wa Burundi ni mwenye maslahi bila kuthibitisha hasara, na kwamba mswada wowote wa maliasili au mkopo mkubwa uje Kigobe na maelezo, kwa Kirundi kinachoeleweka, ya athari zake kwa miaka 30.

Sheria hiyo itachelewesha miradi, baadhi yake ikiwa mizuri, na itawaletea majaji mashauri ambayo wangependa yasiwafikie. Gharama hiyo ni ya kweli, na inastahili kulipwa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa mwaka 2025, wabunge wa sasa walipochaguliwa, atakuwa na umri wa miaka 35 ifikapo 2060. Mtoto huyo si fumbo la wanafalsafa. Mzazi wake akifika mahakamani kwa niaba yake, hati ya kuzaliwa ingetosha kuwa ushahidi wa maslahi.